Jiko la Mwavuli la Mama Scola

Mwezi wa saba mjini Singida, upepo huamka kabla ya watu. Huvuka ziwa, hupenya katikati ya majabali, na ukifika stendi unakuwa umeshalijua kila tundu la koti lako. Nimewahi kutetemeka Addis Ababa na nikatetemeka zaidi Istanbul, lakini huko mtu anatetemeka akiwa amejiandaa. Abiria wa basi la Mwanza hushuka Singida akiwa na shati la mikono mifupi na imani kwamba Tanzania yote ni nchi ya joto.

Mwaka 1999 mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo mengi yalilala hapo. Saa kumi na moja alfajiri abiria walitoka gesti na ndani ya mabasi wakiwa wamejifunga mashuka, khanga na mataulo, wakitafuta supu. Na supu, kwa miaka minne, maana yake ilikuwa Emiliana, ambaye mji mzima ulimwita Mama Scola kwa jina la binti yake wa kwanza.

Emiliana ni mzaliwa wa Ilongero, mfupi, mwepesi wa miguu, na huongea akitembea, hivyo ukitaka kumsikia mpaka mwisho inabidi umfuate. Alikuwa karani wa duka la ushirika. Duka lilipofungwa na kila mtu akaambiwa yuko huru kufanya biashara, yeye alirudi nyumbani na uhuru wake, akautazama kwa wiki moja, kisha akachinja kuku wawili na kubeba sufuria hadi stendi. Ndivyo alivyoanza. Nilipomfahamu alikuwa na meza sita, mabenchi yake, turubai la juu, na mpishi aitwaye Hana aliyejua kuchemsha kuku wa kienyeji mpaka mfupa unatoka wenyewe.

Alichokosa ni kuta. Uwanja wake ulikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na alikuwa amepewa ruhusa kwa sharti moja: asijenge kitu cha kudumu. Kwa miezi minane ya mwaka hilo halikumsumbua. Kisha upande wa pili wa stendi Festo, aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli, akajenga ukumbi wa matofali, akaweka madirisha ya vioo na mlango unaojifunga wenyewe. Supu ya Festo ilikuwa maji yaliyopitiwa na kuku, lakini ndani ya ukumbi wake chumvi haikupeperuka.

Mwanzoni mwa Juni akaja Simeoni, wakala wa tiketi wa mabasi mawili ya Mwanza yaliyolala pale.

“Shikamoo, Mama Scola.”

“Marahaba. Mbona leo umevua kofia? Unakuja kuposa?”

“Ningekuja kuposa ningekuja na mjomba. Nimetumwa. Mama Leah mwenyewe, mwenye mabasi, anataka abiria wote wapelekwe sehemu moja asubuhi. Wakitawanyika mji mzima tunachelewa kuondoka. Mwisho wa Julai anapita hapa, atachagua: kwako au kwa Festo.”

“Supu yangu anaijua.”

“Supu anaijua. Anachosikia sasa ni kwamba abiria wanakunywa wamesimama, wanaruka ruka kama wana siafu miguuni. Abiria akipata baridi hamlaumu Mungu, analilaumu basi.”

Mabasi mawili yalikuwa karibu nusu ya wateja wake wa asubuhi. Yakienda kwa Festo, yangebaki mazungumzo na wapiga debe. Na Scola alikuwa ameanza kidato cha tatu.

Kwanza alijaribu makaa. Aliweka makarai matatu kati ya meza. Upepo ukayapenda sana makarai hayo. Uliinua majivu na kuyagawa kwa haki kwenye mabakuli yote, mpaka dereva mmoja wa lori akauliza, “Mama, hii pilipili manga yako ya kijivu unaitoa wapi?” Akajaribu kuni ndani ya pipa lililokatwa nusu. Joto lilikuwepo, lakini moshi ulimfuata kila mteja alikohamia, na cheche moja ikatua kwenye jaketi la nailoni la mwalimu na kufungua tundu kubwa kama sahani ya kikombe. Mwalimu hakudai fidia. Alikaa tu pale na tundu lake kila asubuhi, likionekana, hadi Emiliana akaacha kumtoza chapati.

Ndipo akakumbuka kambi. Nje kidogo ya mji walikuwa wameishi wageni waliokuja kujenga barabara, na Emiliana aliwauzia mayai. Jioni aliwaona wamekaa nje, mikono wazi, wakicheza karata chini ya chombo cha ajabu: nguzo ya chuma ndefu kupita mtu, juu ina kofia pana kama mwavuli, chini yake wavu unaowaka mwekundu bila moshi. Hakuna aliyeinuka kuuchochea moto ule. Sasa kazi yao ilikuwa imeisha, na vitu vyao vilikuwa vikipigwa mnada.

Alikwenda na Gerald, fundi wa kuchomelea mageti ambaye pia alitengeneza majiko ya gesi ya misheni. Kulikuwa na miavuli miwili. Mmoja uling'aa kama mpya. Wa pili ulikuwa umebonyea na kofia yake imepinda upande.

“Taa ya bustani!” dalali akatangaza, kwa kuwa naye hakujua.

“Mwavuli wa chuma,” mtu akasema kwenye umati, “mvua yenyewe iko wapi?”

Watu wakacheka. Emiliana hakucheka. Aliushika ule unaong'aa kwa mkono mmoja akautikisa, nao ukayumba kama mlevi. Akausukuma uliobonyea, haukusogea.

“Huu,” akasema.

“Mama Scola, huu umegongwa na kijiko cha kuchimba barabara,” Gerald akanong'ona. “Chukua ule mzuri.”

“Ule mzuri upepo wa Singida utaupeleka Nduguti. Wewe angalia ndani, urembo niachie mimi.”

Gerald akafungua kikabati cha chini, mahali unapokaa mtungi. Alivuta mpira wa gesi, akaukunja kutafuta nyufa, akatikisa wavu wa juu kuona kama umetoboka. Uzima ulikuwepo. Mpira ulikuwa mrefu kupita mahitaji, akasema, lakini mrefu si ugonjwa. Wakaondoka na ule uliobonyea pamoja na mitungi miwili, ambayo kampuni ya wageni ilikuwa ikiijaza Arusha na ambayo sasa ingesafiri huko juu ya basi, mmoja ukienda mtupu, mwingine ukirudi umejaa.

Haukuwaka. Alasiri nzima Gerald alibonyeza, alizungusha, aliwasha kiberiti baada ya kiberiti. Hana alitoka jikoni kila baada ya muda kuuliza kama akatangaze mnada mwingine.

“Gesi inatoka kwenye mtungi,” Gerald akasema, “ila juu haifiki. Imeibiwa njiani.”

Alifunga gesi, akaufungua mrija mwembamba unaopeleka gesi kwenye kichomeo, akaupuliza. Kilichotoka ni utando mweupe, na nyuma yake buibui mdogo aliyeonekana kukasirika.

“Huyu ndiye mwenye nyumba,” Gerald akasema. “Harufu ya gesi wanaipenda, sijui kwa nini. Kila mwezi lazima mrija huu ufunguliwe na kupulizwa, hata kama unawaka vizuri. Na jingine hili hapa: unaona kidole hiki cha shaba pembeni ya moto? Kisipopata joto kinafunga gesi chenyewe. Kwa hiyo ukiwasha, endelea kubonyeza, hesabu mpaka thelathini bila haraka, ndipo uachie. Ukiachia ishirini na tano, unaanza upya.”

Uliwaka saa kumi na moja jioni. Wavu ukawa mwekundu, kofia iliyopinda ikatupa joto chini, zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Wakaugeuza ili upande wenye ukarimu uelekee kwenye meza. Wakausimamisha nyuma ya ukingo wa turubai, mahali upepo unapokatika, lakini pande tatu wazi, kwa sababu Gerald alikataa katakata kuuzungushia mikeka. “Moto wa gesi unataka hewa,” alisema. “Ukiufungia ndani na watu, utawapa usingizi ambao hautaki kuisha.” Chini, kuzunguka kikabati, wakapanga magunia ya mchanga. Na kila mtungi ulipobadilishwa, kabla ya kiberiti, Emiliana alipaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likitulia, washa. Likitoa mapovu mapya, gesi inavuja.

Ndani ya wiki moja uwanja ulijaa. Abiria walivua mashuka. Mwalimu akahamisha tundu lake karibu na joto. Wazee wa mtaa nao wakawa wanakuja asubuhi, wakiongozwa na Mzee Antipasi, mdogo wake baba yake Emiliana, aliyehamia mjini kutoka Ilongero ili awe karibu na hospitali kwa ajili ya goti lake, na ambaye tangu afike alikuwa hajapata kazi inayomtosha.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Moto huu unakula nini?”

“Gesi, baba mdogo.”

“Inaletwa na nani?”

“Naileta mimi, kwa basi la Arusha.”

Mzee akainyoosha mikono yake kwenye joto, kisha akairudisha kwapani. “Basi sisi wengine tumekuwa wezi.”

Emiliana alicheka, akadhani ni utani. Lakini alipaswa kujua, maana alikulia kwenye boma lile lile. Kwao, moto wa uani haukuwa wa mtu mmoja. Anayekuja kuota anakuja na chake mkononi, ukuni au kipande kikavu cha kinyesi cha ng'ombe. Anayekuja mikono mitupu anakaa nyuma, na hakuna anayemwambia kitu, na hilo ndilo linaloumiza. Mzee Antipasi alikuwa ameota moto kwa miaka sabini na haikutokea hata mara moja akauota bure.

Kesho yake alikuja na ukuni chini ya koti. Alizunguka jiko, akatafuta mahali pa kuuweka. Juu hapafikiki. Chini kulikuwa na kikabati chenye mlango. Akasubiri mpaka jiko limezimwa, saa moja na nusu jua lilipopanda, akafungua mlango, akauweka ukuni wake kando ya mtungi, akafunga, akaenda nyumbani ametulia.

Asubuhi iliyofuata ukuni haukuwepo.

“Mmeona?” aliwaambia wenzake. “Umeliwa. Mpaka majivu, moto umeyala.”

Aliyeula ni Hana. Alipopita kufagia aliona mlango haukufunga vizuri, akakuta ukuni mzuri mkavu, akaupeleka jikoni kwake bila kuuliza maswali. Kesho yake akakuta mitatu. Wiki iliyofuata akakuta mzigo. Aliamini Emiliana amepata muuza kuni mpya, na kwa kuwa kuni hizo zilikuwa bora kuliko za zamani, hakuona sababu ya kuleta mjadala. Emiliana, aliyekuwa akifungua gesi alfajiri na kuifunga asubuhi, kila mara alikuta kikabatini mtungi peke yake. Kwa karibu wiki tatu wazee walilisha jiko la gesi, Hana akapika kwa kuni zao, na kila mtu akaridhika.

Kisha Hana akaenda Mgori kwenye harusi ya dada yake, akamwachia Emiliana sufuria. Ilikuwa siku moja kabla ya Mama Leah kufika. Wazee walikuwa wamesikia habari za mgeni mkubwa, na Mzee Antipasi akawakusanya. “Kesho mwanangu anapimwa,” alisema. “Moto usije ukamwaibisha.” Kila mmoja akaleta mara mbili. Kikabati kilipojaa walisukuma kwa goti, Mzee Antipasi kwa lile zima.

Alfajiri, saa kumi na moja kasoro, Emiliana alifungua mlango ili afungue gesi, na rundo la kuni likamwangukia miguuni. Nyuma yake kulikuwa na vipande vya kinyesi cha ng'ombe vilivyopangwa kwa adabu hadi shingoni mwa mtungi.

“Gerald!” Fundi alikuwa amekuja mapema ili asikose kuonekana. “Njoo uone nyumba ya ndege!”

Walitoa kuni moja moja. Ukuni mnene wa chini ulikuwa umeukandamiza mpira wa gesi kwenye ukingo wa bati, mahali unapoingia kwenye mtungi. Emiliana akaleta sabuni, akafungua gesi kidogo, akapaka. Povu likaanza kutoa vijipovu, vidogo, taratibu. Akafunga mara moja.

“Inavuja kidogo sana,” Gerald akasema, lakini hakumtazama usoni.

Mzee Antipasi alikuwa amefika, na aliona kuni zake chini zikiwa nzima, hazijaliwa hata gome. Alikuwa amesimama kama mtu aliyepewa barua asiyoweza kuisoma.

Mabasi yakaanza kuwashwa kule stendi. Abiria wakavuka barabara wakiwa wamejikunja, na mbele yao Simeoni, na kando yake mwanamke mrefu mwenye sweta la kiume na mkoba chini ya kwapa. Mama Leah.

“Ndilo jiko lenyewe?”

“Ndilo, mama. Karibu.”

“Mbona limelala?”

“Mpira umeumia. Gesi inavuja. Tunalirekebisha.”

Simeoni akamvuta Emiliana pembeni. “Mama Scola, washa tu. Dakika ishirini. Tukiondoka uzime, urekebishe mpaka kesho.”

“Washa wewe, mimi nisimame mbali nikiangalia watoto wa watu wakiungua?”

“Unajua anachokuja kuamua!”

“Najua. Shika mabakuli haya, ugawe.”

Upepo ulikuwa umepata habari. Uliingia chini ya turubai na kulipiga kama ngoma. Upande wa pili taa za ukumbi wa Festo zilikuwa zinawaka nyuma ya vioo, na Festo mwenyewe alisimama mlangoni, akiufungua na kuuachia ujifunge, kuuonyesha. Abiria watano wakaenda. Kisha wengine sita. Emiliana aliwaona wote, akawahesabu kwa macho, akaendelea kumshikia Gerald tochi.

Gerald aliukata mpira juu ya jeraha, kiasi cha shubiri moja, akatupa kipande kibovu. Urefu uliobaki ulitosha kwa shida. Akauchomeka, akaubana kwa bisibisi. “Nahitaji mikono yangu kwenye povu,” alisema. “Nani abonyeze juu?”

Emiliana akageuka. “Baba mdogo, njoo. Bonyeza hapa. Hesabu mpaka thelathini, usiachie kabla.”

Povu lilipakwa kwenye maungio yote, gesi ikafunguliwa. Povu likatulia. Likasubiriwa. Likaendelea kutulia. Emiliana akapaka mara ya pili, Gerald akaguna, na bado hakukuwa na kitu. Ndipo Emiliana akawasha kiberiti.

Mzee Antipasi alibonyeza na kuhesabu kama anayehesabu ng'ombe wa mtu mwingine, moja moja, akimwangalia kila mmoja usoni. Abiria wakaanza kumsaidia. Kufikia kumi na tano uwanja mzima ulikuwa unahesabu. Kufikia thelathini walitaka aachie, naye akaongeza tano za usalama. Akaondoa kidole. Moto ulibaki. Wavu ukaanza kuwa mwekundu kutoka katikati, na watu wakausogelea wakipiga makofi.

Mama Leah alisogea naye. Alikunywa supu yake hadi chini, akaomba ya pili na pilipili zaidi, na alipoimaliza akamwita Emiliana.

“Ungewasha, nisingejua kitu.”

“Labda mama. Labda ungejua vibaya sana.”

“Mwaka juzi nilikuwa ndani ya basi langu mwenyewe. Dereva aliona tangu asubuhi kwamba breki inavuja. Hakusema, kwa sababu bosi yumo, akaogopa kunichelewesha. Tulilala mtaroni karibu na Nzega. Mungu alitusaidia, tulitoka na michubuko.” Alifunga mkoba wake. “Simeoni! Mabasi yote mawili, hapa. Na wale waliokwenda kule ukawaite, tunaondoka.”

Simeoni akaondoka mbio. Emiliana alikaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akapangusa uso kwa upande wa khanga ambao haukuwa na povu.

Mzee Antipasi akamjia pole pole. “Mwanangu, kuni zile.”

“Kuni zile zipeleke jikoni kwa Hana, baba mdogo. Mlango wa jikoni unaujua. Na kila asubuhi saa kumi na moja nakuhitaji hapa, wa kubonyeza. Gerald ana papara, huachia kwenye ishirini na nane.”

“Ishirini na tisa!” Gerald akasema.

“Nitakuja saa kumi na nusu,” mzee akasema, na akakaa mbele, karibu kabisa na joto.

Kesho yake abiria wa mabasi yote mawili walifika kwa pamoja, na ilipofika saa kumi na moja na nusu mabakuli yaliisha. Emiliana alisimama dakika nzima akiangalia foleni. Kisha akajifunga khanga vizuri, akavuka barabara, akausukuma ule mlango unaojifunga wenyewe. Ndani Festo alikuwa peke yake na dereva mmoja wa lori.

“Jirani, naomba mabakuli thelathini.”

“Mabakuli?” Festo akainua nyusi. “Umechukua mabasi, unataka na vyombo? Nikuletee na madirisha?”

“Madirisha bakia nayo, mimi nina mwavuli. Nitakupa supu bakuli mbili, moja yako, moja ya mama watoto.”

“Tatu. Na paja, si shingo.”

“Tatu, na paja.”

Akampa. Yalikuwa mabakuli ya udongo mweupe aliyoyaagiza Dar es Salaam kwa ajili ya ufunguzi, na kila moja limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu: KARIBU TENA KWA FESTO. Asubuhi ile abiria thelathini walisimama chini ya jiko la mwavuli, wakanywa supu ya Emiliana na kuisifu kwa kelele, na mmoja wao, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alimwambia Mzee Antipasi kwamba hakika huyu Festo anajua kupika.

“Sana,” mzee akasema, kidole chake bado kiko juu ya kitufe ingawa moto ulishashika zamani. “Anaitwa Mama Scola.”